Mlango wa Bafu Uamuliwe Kabla ya Choo

Watu wengi wanaojenga huijua nyumba yao kwa vyumba vikubwa. Wanaweza kueleza bila kusita sebule ina futi ngapi, kochi litakaa ukuta gani na dirisha la chumba cha wazazi litatazama wapi. Likija suala la bafu, jibu huwa fupi: fundi ataangalia. Fundi naye huangalia kwa kadiri ya kazi yake. Mwashi huacha uwazi wa mlango pale tofali zinapomruhusu. Fundi bomba huweka choo pale ambapo bomba la inchi 4 litatoka nje kwa njia fupi. Seremala huja mwisho, akakuta uwazi upo tayari, akautundika mlango kama alivyotundika ile ya vyumba vya kulala. Mafundi watatu wamemaliza kazi zao, na mwenye nyumba anahamia kwenye bafu ambalo mlango wake unagonga choo kila unapofunguliwa.

Mazungumzo ya leo yanahusu mlango huo, na mpangilio wa vitu nyuma yake, katika bafu dogo la nyumbani. Tuchukue lile la futi 4 kwa futi 6, yaani mita 1.2 kwa mita 1.8, lenye choo na sehemu ya kuogea pamoja. Bafu la kipimo hicho hukutwa kwenye vyumba vingi vya kupanga, na ndilo hubanwa kwenye kona ya chumba kinachoitwa masta ili nacho kiwe na choo cha ndani. Udogo wake si kosa. Bafu hilo linaweza kutumika kwa raha miaka mingi, mradi mambo yaamuliwe kwa utaratibu unaofaa, na la kwanza kuamuliwa liwe mlango.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mlango wa sentimita 70 unaofunguka kwa ndani hufagia robo ya duara sakafuni, na robo hiyo ni karibu mita za mraba 0.38. Bafu zima lina mita za mraba 2.2. Kwa hiyo takriban sehemu moja kwa sita ya sakafu imeshachukuliwa na mlango kabla ya choo, ndoo wala mtu kuingia. Hapo hapawezi kukaa beseni, kapu la nguo wala kigoda cha mtoto.

Sasa choo kiwekwe mwisho wa bafu, kikitazama mlango, kama inavyofanyika mara nyingi. Choo cha kukaa chenye tangi lake huchukua sentimita 65 hivi kutoka ukutani. Mlango unachukua 70. Katika urefu wa sentimita 180 zinabaki 45, na ndani ya hizo 45 mtu mzima anatakiwa asimame, ajisogeze pembeni, kisha aufunge mlango nyuma yake. Mlango ukiwa wa sentimita 80, nafasi hiyo inashuka hadi 35. Mama mwenye mtoto mgongoni haenei. Na bado hatujauliza mtu ataogea wapi. Jibu ni kwamba ataogea juu ya choo, na kila akimaliza choo chote kitakuwa kimelowa.

Mlango huohuo ukifunguka kwa nje, sakafu yote inarudi kwa mtumiaji.

Lakini nafasi siyo sababu kubwa kuliko zote. Bafuni ni mahali penye maji, sabuni na vigae, na watu huanguka humo. Mtu akianguka katika chumba cha mita 2 za mraba, mwili wake hulala pale ulipo uwazi pekee, yaani nyuma ya mlango. Mlango wa kufunguka kwa ndani hapo hauwezi kusukumwa bila kumwumiza zaidi. Ndugu walio nje wanaita, wanasikia sauti au hawasikii, na hawana la kufanya ila kuvunja. Nchini Uingereza, mwongozo rasmi wa ujenzi unaoitwa Approved Document M unataka mlango wa choo cha ghorofa ya chini katika nyumba mpya ufunguke kwa nje. Mwenye kujenga Mbagala au Kisauni hafungwi na mwongozo huo, lakini sababu iliyouzaa ipo nyumbani kwake pia. Katika nyumba yenye mzee, mjamzito, mgonjwa wa kifafa au mtu wa shinikizo la damu, jambo hili halifai kuachiwa bahati.

Kitasa nacho kihesabiwe hapohapo. Komeo la ndani lililopigiliwa juu kabisa halifunguliki kutoka nje kwa namna yoyote. Vipo vitasa vya bafu ambavyo kwa nje vina mfereji mdogo unaogeuzwa kwa sarafu au bisibisi: faragha inabaki, na msaada unapita. Watoto wadogo wanaojifungia wenyewe ndio hukifanya kitasa hicho kionekane kuwa cha lazima.

Labda ni vizuri kukumbuka tulikotoka. Katika nyumba ya Kiswahili iliyoenea katika mitaa ya kale ya Dar es Salaam, korido hupita katikati, vyumba vikiwa vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wake ni uani. Choo na bafu vilikuwa uani pamoja na jiko. Mlango wake, uwe wa mbao, wa bati au pazia la gunia, ulifungukia eneo la wazi. Haukumbana mtu, na maji yaliyovuja yalikauka kwa jua. Bafu lilipohamishiwa ndani ya nyumba, lilipoteza ule uwanja wa mbele uliokuwa ukilibeba. Jua halikuja nalo, wala upepo.

Pwani walikuwapo wajenzi waliolifikiria bafu la ndani kwa undani mkubwa. Katika nyumba za mawe za Lamu, choo kilikaa sehemu ya ndani kabisa ya nyumba, mbali na daka ambako mwenyeji alikaa na wageni. Maji yalihifadhiwa katika birika lililojengwa bafuni humohumo, na samaki wadogo waliwekwa ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Wajenzi wale walikuwa na nafasi finyu kama tuliyo nayo sisi. Tofauti ni kwamba waliamua kwanza nani ataona nini, na maji yatakaa wapi, ndipo wakajenga.

Suala la nani ataona nini ni zito kwa watu wetu, na ramani nyingi za siku hizi zinalipita. Mlango wa bafu hufunguka moja kwa moja kwenye sebule au mbele ya meza ya chakula, na ukiachwa wazi kidogo, kinachoonekana kwanza ni choo. Mkwe amekuja kusalimia, amekaa kwenye kiti alichokaribishwa, na mbele yake ni hicho. Mgeni wa heshima anabanwa na haja lakini anavumilia hadi aondoke, kwa kuwa kila sauti ya bafuni inafika kwenye kochi. Ramani ikiwa bado karatasini, kuugeuza mlango uangalie korido ni kufuta mstari mmoja na kuchora mwingine. Ikishindikana, choo kikae ubavuni mwa mlango, pasipoonekana na aliye nje, na mbele ya macho pabaki ukuta wa vigae au beseni la kunawia.

Kwa familia za Kiislamu lipo jambo jingine la kuamua kabla bomba halijalazwa. Wengi huepuka choo kinachomfanya mtu aelekee kibla au akipe mgongo. Katika pwani ya Afrika Mashariki hesabu yake ni nyepesi, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini kamili: Mombasa ipo kwenye longitudo ya digrii 39.7 mashariki hivi, na Makka 39.8. Choo basi hutazama mashariki au magharibi. Bafu refu na jembamba lililochorwa kutoka kusini kwenda kaskazini humlazimisha fundi aweke choo kwenye ukuta mrefu, jambo linalobadilisha mahali pa mlango pia. Mwenye nyumba akilisema siku ya kuchora ramani, halina gharama. Akilisema baada ya jamvi kumwagwa, zege linavunjwa.

Sasa tulipange lile bafu la futi 4 kwa 6. Mpangilio unaofaa kuliko mingine ni wa mlango kukaa kwenye ukuta mrefu, karibu na upande wa choo. Choo kinaegemea ukuta mfupi. Katikati ya choo iwe sentimita 40 kutoka ukuta wa mbali, kwa kuwa chini ya 38 kiwiko hugusa ukuta. Anayeingia anakanyaga sehemu kavu, ubavuni mwa choo, na aliye nje haoni choo kwa mbele. Upande wa pili, kwenye ukuta mfupi uliobaki, ndiko kuna bomba la mvua, ndoo na dirisha la juu. Sentimita 80 au 90 za mwisho ndizo za kulowa. Aliyekuja kujisaidia tu hahitaji kupita majini, na hii ndiyo sababu ya kuupenda mpangilio huu.

Ikiwa bafu linaingiwa kwa ukuta mfupi tu, kama ilivyo kwenye masta nyingi, choo kiegemee ukuta mrefu karibu na mlango, kikitazama ukuta wa pili. Sentimita 65 za choo na 55 za kuweka miguu zinatimiza zile 120 za upana. Sehemu ya kuogea inabaki mwisho. Hapo mlango wa kufungukia ndani hauwezekani kabisa, kwa sababu utampiga aliyekaa.

Na sinki la kunawia mikono? Katika bafu la namna hii litolewe nje. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya tayari zina sinki kwenye korido au karibu na meza ya chakula, na ni desturi nzuri: wageni wananawa bila kuingia chooni, watoto wanapiga mswaki huku mwingine anaoga, na bafu linapata pumzi. Anayelitaka ndani lazima atafute beseni dogo la kona, na akubali kwamba maji yatamwagika sakafuni.

Sakafu isiteremkie mlangoni. Ielekee tundu la maji lililo upande wa kuogea, kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na fundi athibitishe kwa kumwaga ndoo ya maji kabla vigae havijabandikwa. Mafundi wengi huzuia maji kwa kizingiti kirefu mlangoni. Kizingiti kinazuia maji, ni kweli, lakini pia kinamkwaza mzee usiku. Ni afadhali sakafu yote ya bafu ishushwe sentimita 2 au 3 chini ya korido na mteremko ufanye kazi yake. Tundu hilo la maji liwe na trapu inayoshika maji, kwani yale maji yaliyotulia ndani ya trapu ndiyo huzuia harufu ya karo na mende. Bafu la wageni lisilotumika wiki nyingi hunuka kwa sababu maji hayo yamekauka. Ndoo moja ikimwagwa tunduni harufu hukatika, na hakuna mlango ambao ungeweza kuizuia.

Wako wanaosema mlango wa kufungukia nje haufai kwa kuwa korido ni nyembamba. Wana hoja. Korido ya sentimita 90 ikipokea mlango wa 70 ghafla, anayepita anapigwa usoni, na kama mlango wa chumba cha kulala uko mkabala, milango miwili itagongana. Dawa ya kwanza ni kuchagua upande wa bawaba ili mlango ulale kabisa kwenye ukuta ukifunguliwa. Dawa ya pili ni mlango wa kusukuma kando, unaoning'inia kwenye reli kwa upande wa nje. Huu unahitaji kipande cha ukuta mtupu kinachozidi upana wa mlango, kisicho na swichi wala kabati, na ubao uzidi uwazi kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande ili usichungulike. Udhaifu wake ni sauti na harufu, kwa sababu haubani kama mlango wa bawaba. Kwa bafu la ndani ya chumba cha mke na mume unavumilika. Kwa bafu la karibu na sebule, hapana.

Mlango unaozama ndani ya ukuta hupendeza kwenye picha. Katika nyumba ya tofali za saruji za inchi 5 au 6 ni kazi ngumu: ukuta unagawanywa, hakuna bomba wala waya unaoweza kupita humo, na reli ikiharibika lipu inabomolewa ili ifikiwe. Ule wa plastiki unaokunjwa kama mkeka ni rahisi kwa bei na hauombi nafasi, lakini vipande vyake hukatika mapema na faragha yake ni ndogo. Unafaa kwa muda, mwenye nyumba akijua kwamba ni wa muda.

Kuhusu malighafi ya mlango, adui ni maji yanayopanda kutoka chini. Milango ya plaiwudi yenye uwazi katikati hufaa chumbani. Bafuni hunyonya maji kwenye ukingo wa chini, hufura, hubanduka. Mninga na mkongo huvumilia vizuri zaidi, lakini hata mbao hizo hunyonya maji pale mishipa yake ilipokatwa. Kwa hiyo ukingo wa chini na wa juu upakwe rangi au vanishi kabla mlango haujatundikwa. Wapaka rangi wengi huuruka ukingo wa chini kwa sababu hakuna anayeuona, na hapohapo ndipo kuoza huanzia. Miguu ya fremu ya mbao nayo isizamishwe kwenye sakafu ya bafu. Ikae juu ya kipande kidogo cha zege au jiwe. Mlango wa plastiki ngumu au wa aluminiamu hauozi, na kwa nyumba za karibu na bahari aluminiamu ni bora kuliko chuma, ambacho chumvi ya hewani hukila haraka. Chochote kitakachochaguliwa, uachwe mwanya wa sentimita 1 au 1.5 chini ya mlango. Hewa inaingia hapo, inapanda, inatoka kwa dirisha la juu, na ukungu wa kwenye dari unapungua.

Upana ndio watu hujutia baadaye. Uwazi wa sentimita 80 kwenye tofali, ukishawekwa fremu yenye miimo ya sentimita 5 kila upande, unatoa mlango wa 70. Uwazi wa 90 unatoa mlango wa 80, na ukifunguka, unene wa ubao unapunguza njia hadi 76 hivi. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, bila kuhesabu vidole vya anayevisukuma. Mama aliyeletwa mjini kwa matibabu baada ya kiharusi anafikishwa hadi mlangoni, kisha anabebwa, na kubebwa hivyo mbele ya wajukuu humuumiza moyo mtu mzima. Kuongeza sentimita 10 wakati ukuta unajengwa ni suala la tofali chache na linta ndefu kidogo. Kuziongeza ukuta ukiwa na vigae ni kubomoa.

Umeme uamuliwe pamoja na mlango. Swichi ya taa ikae nje, upande wa kitasa, kwa sababu ikikaa upande wa bawaba, mlango wa kufungukia nje utaifunika. Anayefunga shawa ya umeme ajue kwamba nyingi hutumia wati 5,000 na zaidi. Yenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Inataka waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, kikata umeme chake peke yake, na waya wa ardhi uliofungwa kweli.

Kabla ya yote hayo kufika kwa mafundi, ipo njia ya kulipima bafu bila kulipia kitu. Chukua futi kamba na chaki, chora bafu zima sakafuni au uwanjani kwa kipimo chake halisi. Chora choo, chora mlango na robo duara yake. Kisha watu wa nyumbani waingie mmoja mmoja: bibi na mkongojo wake, baba, mtoto na ndoo. Kila mmoja akae palipochorwa choo, asimame, ageuke, ainame kuchota maji. Makosa ambayo karatasi ilificha yanaonekana papo hapo, na chaki inafutika.

Aliyekwisha kujenga, au anayepanga, hana haja ya kung'oa choo ili apate nafuu. Mlango wa bawaba unaweza kugeuzwa ufungukie nje. Seremala huushusha, huziba mashimo ya bawaba za zamani, huupunguza ubao kidogo ili uenee upande wa pili wa fremu, kisha hupigilia ubao mwembamba ndani ya fremu ili mlango upate pa kujibania. Mpangaji aombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba. Akikataliwa, abadilishe angalau komeo aweke kitasa kinachofunguka kwa sarafu kutoka nje. Ugeuzaji ukifanyika, swichi ya taa ikaguliwe siku hiyohiyo, na kama imeangukia nyuma ya mlango, fundi umeme aihamishe kabla ukuta haujapakwa rangi.